Uzi: Velites wa Kirumi kwenye meza ya vita (sanamu, mikuki na kanuni za nyumbani)

Mtupa_Dadu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Leo tuwajadili velites, wale wachokozi wa Kirumi waliotangulia mbele ya legioni kurusha mikuki kabla kazi nzito haijaanza. Majeshi mengi ya Roma ya Jamhuri ninayoyaona yakipangwa mezani kwenye michezo ya vita ya sanamu ndogo yanafanana: hastati (mstari wa kwanza) wamejaa, principes (wa pili) wamejaa, triarii (wa tatu) wako nyuma na mikuki yao mirefu, halafu mbele kuna vijana wanne au watano wenye ngao za duara, wamewekwa ili orodha itimie. Mchezo ukianza wanarusha dadu zamu mbili, wanakufa, wanaondolewa. Mwenye jeshi hata hasikitiki.

Kanuni nyingi zinawachukulia kama askari wa kawaida waliopunguziwa nguvu. Ndiyo maana mtu akikaa kutunga kanuni zake za nyumbani, kitu cha kwanza anachofanya ni kuwaongezea dadu za kushambulia. Mimi napinga. Velites hawana shida ya nguvu, wana shida ya njia ya kurudi. Wakipata njia ya kurudi, mchezo mzima unabadilika bila kugusa namba yoyote ya mashambulizi.

Tuanze na idadi, maana hapo ndipo wengi tunapowapunja. Polybius, Mgiriki aliyeishi Roma karne ya 2 KK, anaeleza legioni ya askari wa miguu 4,200: hastati 1,200, principes 1,200, triarii 600, waliobaki 1,200 ni velites. Hawakuwa na manipulo (vikosi vidogo vya legioni) zao wenyewe. Waligawanywa sawa kwenye manipulo zote 30, yaani 40 kwa kila moja. Sanamu moja ikisimama badala ya watu 60, legioni inakuwa na sanamu 70 za miguu: 20, 20, 10 na 20, na wapanda farasi 300 wanakuwa sanamu 5. Velites ni wengi sawa na hastati na ni mara mbili ya triarii. Sasa nenda kahesabu wa kwako.

Kuhusu sanamu zenyewe. Hawa walikuwa vijana kuliko wote na maskini kuliko wote kwenye legioni, kwa hiyo usitafute deraya wala kinga za miguu. Kanzu fupi, upanga, kofia ya vita isiyo na mapambo, ngao ya duara inayoitwa parma, na mikuki. Parma ilikuwa na kipenyo cha futi 3. Kwa sanamu za milimita 28, ambazo wengi tunazichukulia kuwa kipimo cha 1:56, ngao hiyo ni kama milimita 16. Pima za kwako, utakuta nyingine zimekuja ndogo kama kisosi.

Kinachoharibiwa zaidi ni mkuki. Sanamu nyingi hupewa mkuki unaompita mtu kimo, kana kwamba ni triarius aliyepotea njia. Livy, mwanahistoria wa Kirumi, anautaja wa futi 4, kwenye mita 1.18 hivi. Gawanya kwa 56, unapata milimita 21, yaani unamfika sanamu kifuani. Mimi huikata ile ya plastiki yote na kuweka waya wa chuma wenye unene wa nusu milimita. Kata kipande cha milimita 21, ponda ncha moja kwa koleo mpaka iwe bapa, kisha pitisha tupa taratibu mpaka ncha iwe nyembamba na ndefu. Mkuki mmoja uwe mkono wa kulia, juu, tayari kuondoka. Mingine mitatu minne iwe mkono wa kushoto nyuma ya ngao, umeifungia pamoja kwa tone la gundi. Vaa miwani wakati wa kukata, vipande vya waya huruka na macho hayana vipuri.

Ukibaki na waya usiutupe. Polybius anasema chuma cha mkuki huu kilikuwa kirefu kiasi cha shubiri moja na kimefuliwa chembamba mno, kwa makusudi, ili kikigonga tu kipinde na adui asiweze kuurusha tena. Kwa hiyo chukua vipande viwili vitatu, vipinde ncha, vibandike kwenye udongo wa vitako vya adui. Hastati wako hawana haja nayo, lakini kikosi cha Wagalia (makabila ya Gallia, Ufaransa ya leo) chenye mikuki iliyopinda miguuni pao kinaonyesha tayari kuna watu wamepita hapo.

Vitako: wengine hubandika sanamu tatu kwenye kitako kimoja cha milimita 60. Inapendeza, ila mimi nataka kila mmoja awe na kitako chake cha duara cha milimita 25, halafu nawaweka kwenye trei yenye matundu. Sababu utaiona kwenye kanuni.

Mtupa_Dadu (mleta uzi)

Naendelea. Kanuni za nyumbani. Nazitaja kwa namna ambayo unaweza kuzipachika kwenye mchezo wowote unaotumia dadu za pande sita, hata kama kitabu chako cha kanuni ni kingine.

Ya kwanza ni kete za mikuki. Kila kikosi cha velites kinaanza na kete tatu. Ukirusha, unalipa kete moja. Kete zikiisha, hawarushi tena mpaka mchezo uishe. Tazama hesabu yake: kikosi cha sanamu 8, dadu moja kwa kila sanamu, kinapiga kwa 5 au 6. Wastani ni mapigo 2.67. Hastati mwenye scutum (ngao kubwa ndefu) anajikinga kwa 4 kwenda juu, kwa hiyo anayekufa ni 1.33. Ukiacha warushe zamu sita bila kikomo, wameua 8 kati ya hastati 16, nusu ya kikosi kizito, na wao hawajaguswa. Hakuna jenerali wa zama zile angeamini. Kwa kete tatu wanaua 4, na mchezaji anaanza kujiuliza arushe sasa au asubiri. Hilo swali ndilo ninalolitafuta.

Na lina historia nyuma yake. Vita vya Trebia kule Italia, Desemba 218 KK, dhidi ya Hannibal jenerali wa Karthago, velites walifika kwenye pambano wakiwa wameshatumia mikuki yao mingi kuwafukuza Wanumidia (wapanda farasi wepesi wa Afrika Kaskazini), na iliyobaki ilikuwa imelowa haifai. Ukicheza Trebia, wape Warumi kete moja tu. Utashangaa upande wa Roma unavyohisi uchi mbele.

Ya pili ndiyo kubwa, naiita mlango. Mwanzo wa kila zamu unatangaza kila manipulo yako ya mbele: imefunguka au imefunga. Manipulo iliyofunguka inaruhusu velites wapite katikati bila gharama, wanatokea nyuma yake na hawapotezi mpangilio. Lakini ikivamiwa ikiwa bado imefunguka, inapigana na pungufu ya 1 kwenye dadu zote za zamu hiyo. Manipulo iliyofunga inapigana kamili, ila velites hawapiti. Wakilazimisha, tupa dadu: 1 au 2, kikosi kizito kinavurugika na velites wanaondolewa mezani. Kufunga kunakula mwendo wa zamu hiyo.

Ukiweka hiyo tu, bila nyingine yoyote, utaona mtu anahema. Ukifunga mapema, velites wako wamebaki nje na farasi wa Numidia. Ukichelewa, Wagalia wanakukuta mlango wazi. Hapo ndipo vitako vya mmojammoja vinapofaa: unawatoa kwenye trei na kuwapitisha kweli kati ya vikosi, na kila mtu mezani anaona kama wanatosha kupita au hawatoshi.

Ya tatu fupi. Wakivamiwa na askari wa miguu wazito, wanaweza kukwepa: mwendo wao wa kawaida kujumlisha dadu moja kwa sentimita. Wazito hawawafikii. Wakivamiwa na farasi, pande zote mbili zinatupa dadu, farasi akipata sawa au zaidi amewashika.

Ya nne ni upanga, na hapa naomba msinitupie mawe kwa kuwa nimesema sitaki kuwaongezea nguvu. Mwaka 189 KK, Warumi walipopigana na Wagalatia mlimani Olympus kule Asia Ndogo, Livy anaeleza kwamba mtu akimkaribia veles (mmoja wa velites), anahamishia mikuki mkono wa kushoto na kuchomoa upanga wa Kihispania. Hawakuwa kama wachokozi wa majeshi mengine ambao wakiguswa tu wamekwisha. Kwa hiyo: wakipigana ana kwa ana na askari wepesi wenzao, wanapata nyongeza ya 1. Dhidi ya wazito, hakuna kitu. Wakishapigana kwa upanga zamu hiyo hawarushi.

Nakaribisha maoni.

Brashi_Kavu

Mkuu, umetisha. Mimi si mtu wa kanuni sana, naomba nijazie upande wa rangi, hasa ngozi ya mbwa mwitu maana naona umeiruka.

Baadhi ya velites walifunika kofia zao kwa ngozi ya mbwa mwitu au mnyama mwingine wa aina hiyo. Baadhi, si wote. Kuna watu wanavalisha kikosi kizima mpaka kinaonekana kama mbwa mwitu waliotembelea legioni. Mmoja au wawili kwenye wanane wanatosha.

Kama sanamu yako haina, itengeneze kwa udongo ule wa kuchanganya wa sehemu mbili. Tandaza uwe mwembamba kama karatasi nene, lowesha vidole usigande, uvike juu ya kofia, masikio yabane kwa ncha ya sindano. Halafu subiri. Usichore manyoya papo hapo, udongo ukiwa mbichi sindano inaburuza. Ukianza kushika, vuta mistari mifupi kutoka utosini kwenda mabegani, kila mstari uupishe kidogo na wa jirani yake. Manyoya yaliyonyooka yote yanaonekana kama nyasi.

Rangi: anza na kahawia iliyoiva, karibu nyeusi. Piga brashi kavu ya kijivu juu ya mgongo, kisha kijivu cheupe kidogo kwenye pua na kingo za masikio. Shingoni acha kahawia ionekane. Kanzu ziache rangi ya sufu isiyotiwa rangi, ila changanya kila moja tofauti kidogo, nyingine ya manjano kidogo, nyingine ya kijivu. Hawa ni maskini, kila mtu kaja na yake.

Mtupa_Dadu (mleta uzi)

Shukrani kiongozi. Sikuiruka, nilikuwa nimeiwekea kanuni yake. Polybius anatoa sababu mbili za ile ngozi: kinga, na kwamba maakida wawatambue kwa mbali wanaopigana kishujaa na wasiopigana. Kwa hiyo mezani, kikosi chenye sanamu ya ngozi kikiwa ndani ya sentimita 20 za akida wa manipulo anayekiona bila kizuizi, kinaweza kurudia dadu moja kila zamu. Kikikwepa huku akida anakiona, kimepoteza haki hiyo mpaka mwisho wa mchezo. Kijana aliyevaa ngozi ili aonekane, kaonekana akikimbia.

Kamanda_Mezani

Mkuu nakuheshimu ila hapo kwenye kete sikubaliani. Nikicheza legioni mbili na washirika wao nina vikosi vingi vya wachokozi, meza inajaa kete mpaka huoni majani. Mimi natumia njia rahisi: kila kikosi kikirusha, natupa dadu moja ya pembeni. Ikija 1 au 2, mikuki imeisha. Wastani unabaki kurusha mara tatu, sawa na kete zako, bila uchafu mezani.

Na hiyo ya ngozi ya mbwa mwitu, samahani, ni pambo. Kurudia dadu moja hakubadili kitu.

Mtupa_Dadu (mleta uzi)

Kamanda, wastani ni sawa, tabia si sawa. Kwa njia yako kikosi kimoja kati ya vitatu kinaishiwa baada ya kurusha mara ya kwanza tu. Upande wa pili, karibu asilimia 9 bado wana mikuki baada ya kurusha mara sita. Yule wa kwanza ananung'unika, wa pili anacheka, na wote wawili hawajaamua chochote. Kete zinampa mchezaji uchungu wa kutumia.

Ila kwa mapambano makubwa nakuelewa. Vikosi vikizidi kumi hivi ningetumia njia yako mwenyewe, maana hapo unaongoza jeshi, huhesabu mikuki ya kila kundi. Kwa mchezo mdogo wa manipulo nne tano, kete.

Kuhusu ngozi kuwa pambo: sikatai. Lakini inamfanya mtu amsogeze akida wake karibu na mbele kuliko usalama wake unavyotaka, na hilo si pambo.

Mgeni_wa_Meza

Habari zenu wakubwa. Mimi mgeni kwenye jeshi la Roma, rafiki yangu ana Karthago na ameleta tembo watatu. Ananikanyaga kila tukicheza. Hizi kanuni zinasaidia chochote au niuze jeshi?

Mtupa_Dadu (mleta uzi)

Karibu sana mdogo wangu, usiuze. Tembo ndiye mnyama aliyenishawishi kwamba kanuni ya mlango ni ya lazima.

Vita vya Zama, Afrika Kaskazini, 202 KK. Hannibal ana tembo zaidi ya 80 mbele ya jeshi lake kwa hesabu ya Polybius. Kwa desturi manipulo za principes zilisimama nyuma ya mapengo ya hastati. Scipio, jenerali wa Roma, akazihamisha, akaziweka moja kwa moja nyuma ya manipulo za hastati, mapengo yakawa vichochoro vilivyonyooka toka mbele mpaka nyuma. Kisha akavijaza velites ili kwa mbele visionekane. Amri aliyowapa nzuri sana: anzeni nyinyi pambano, tembo wakiwazidi nguvu rudini, mwenye nafasi akimbie kichochoro chote mpaka nyuma ya jeshi, aliyebanwa akatize kulia au kushoto kwenye nafasi iliyo kati ya mstari na mstari. Ona, hata Scipio aliwapangia njia mbili za kurudi kabla hawajarusha mkuki wa kwanza.

Mezani fanya hivi. Kete moja ya mkuki dhidi ya tembo inakupa dadu 4 bila kujali idadi ya sanamu, na kila 6 ni alama moja ya woga. Tembo akivamia na mbele yake kuna kichochoro kilichofunguka, mwenye tembo anatupa dadu na kujumlisha alama za woga. Akipata 5 kwenda juu, tembo anapita kichochoroni bila kumgusa mtu. Akipungukiwa, anagonga manipulo, na kwa kuwa imefunguka ina ile pungufu ya 1. Alama tatu kabla hajafika: anageuka, na sasa ni tatizo la rafiki yako.

Kwa hiyo kikosi kimoja kwa tembo mmoja, tumia kete mbili kwake, ya tatu iweke akishapita nyuma yako. Hapo velites waliorudi wanakuwa bado na kazi.

Kamanda_Mezani

Hiyo ya tembo imekaa vizuri. Swali: jeshi langu la pili ni la Caesar. Nihamishie velites huko?

Brashi_Kavu

Usithubutu mkuu, hapo mtu mwenye macho atakuumbua. Velites bado wanatajwa vita vya Roma na Jugurtha, mfalme wa Numidia, 112 mpaka 105 KK, ila kwa Caesar hawapo tena. Mwaka 57 KK mji wa Bibrax kule Gallia ulipozingirwa, alituma Wanumidia, wapiga mishale wa Krete na wapiga kombeo wa Balearic. Kazi ya kuchokoza ilishakuwa ya watu wa kuja. Huhitaji kofia wala parma ya futi 3 pale, unahitaji sanamu nyingine kabisa.

Mtupa_Dadu (mleta uzi)

Brashi kamaliza. Naongezea kwamba kanuni ya mlango nayo usiihamishe kama ilivyo. Cohort ni kikosi kikubwa kimoja, si manipulo ndogo zilizopangwa kwa mistari mitatu yenye mapengo, kwa hiyo wachokozi wa Caesar wapitishe pembeni, kwenye mabawa, na vikosi vizito viache visimame vimefunga.

Mgeni_wa_Meza

Asante sana kaka, nimeelewa tembo. Swali la mwisho: farasi wa rafiki yangu nao ni wazuri kuliko wangu. Velites wanasaidia na huko?

Mtupa_Dadu (mleta uzi)

Wanasaidia, na ni kanuni ya kufurahisha kuliko zote. Capua, mji wa Italia uliokuwa umeasi Roma, 211 KK. Wapanda farasi wa Kirumi walikuwa wanazidiwa na wale wa Capua, akida mmoja aitwaye Quintus Navius akaleta wazo: chagua vijana wepesi, mpe kila mmoja mikuki saba mifupi, mpandishe nyuma ya mpanda farasi, ikitolewa ishara wanaruka chini na kurusha. Farasi wa Capua hawakutegemea kukuta askari wa miguu katikati ya farasi.

Mezani: kikosi kimoja cha velites kinapanda na kikosi kimoja cha farasi, mwendo wa farasi unapungua robo. Wakishuka, wanarusha papo hapo kwa kete mbili kwa mpigo, ila lazima iwe kabla farasi wako hawajavamia zamu hiyo. Wakishashuka hawapandi tena. Sanamu zao ziandae kwa jozi, mmoja amekaa nyuma ya mpanda farasi na mwenzake amesimama kwenye kitako chake, ubadilishane tu. Na usimwambie rafiki yako wako farasi gani mpaka waruke, andika kwenye karatasi kabla mchezo haujaanza.